Watumiaji wa Mfumo ni Nani? Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Kusimamia Akaunti na Vikundi kwa Mstari wa Amri, kwa Kuzingatia Mashariki ya Uganda

Ikisiri

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimehakikiwa mara nyingi kwa kigezo cha uundaji wake: neno limetoholewa, limetafsiriwa sisisi, limeunganishwa au limebuniwa upya. Makala hii inatumia kigezo kingine. Inauliza iwapo msimamizi wa kompyuta anayesoma maelekezo kwa Kiswahili atatenda kile kilekile ambacho maelekezo yanakusudia. Uwanja uliochaguliwa ni mfinyu, nao ni usimamizi wa akaunti za watumiaji na vikundi vyao katika mfumo endeshi wa Linux kwa njia ya kuandika amri. Inadaiwa kwamba udhaifu mkubwa hauko katika majina ya vitu, ambayo ndiyo yaliyoshughulikiwa zaidi na waundaji istilahi. Uko katika vitenzi vya kawaida kama ongeza, futa na funga, na katika kiunganishi cha -a cha uhusiano. Mifano imepangwa kwa kuzingatia mazingira ya shule na vyuo vya Nkoma mjini Mbale na vya Jinja, ambako Kiswahili kinaingia darasani kwa nguvu ya sera kabla hakijapata msamiati wa maabara.

Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo haukuzuka ghafla. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya vidato viwili vya kwanza. Jambo ambalo matamko haya hayakuligusa ni lugha ya kufanyia kazi. Mwanafunzi anayefundishwa Kiswahili kama somo saa tatu asubuhi huingia maabara ya kompyuta saa tano, na humo Kiswahili hubaki nje ya mlango.

Nkoma ni mahali pafaapo kulitazama suala hili. Hapo ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, na lugha zinazosikika katika eneo hilo ni nyingi kuliko zinazotajwa katika sera: Lumasaaba, Luganda, Ateso, Kiingereza, Kiarabu cha darasani, na Kiswahili cha sokoni na cha barabara ya kuelekea Kenya. Mkufunzi wa kompyuta huandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha hueleza kwa lugha yoyote itakayoeleweka. Kwa hiyo swali la kama istilahi za Kiswahili zinahitajika limekwisha kujibiwa na wasemaji wenyewe. Wanazitumia, nzuri au mbovu. Lililobaki ni swali la ubora wake.

Mtu anaweza kudai kwamba fundi wa kompyuta anajua Kiingereza, na majina ya amri zenyewe, useradd, usermod, groupadd, passwd, hayatafsiriki wala hayapaswi kutafsiriwa, kwa kuwa maelfu ya programu hutegemea tahajia yake. Nakubali sehemu ya pili ya dai hilo bila masharti. Hata hivyo, sehemu ya kwanza inasahau kwamba anayeamua nani aone nini katika kompyuta za shule si fundi peke yake. Ni mkuu wa shule, mkuu wa taaluma, kamati ya mitihani, wakati mwingine ofisa wa wilaya. Hao humwagiza fundi kwa maneno ya kawaida, na fundi huwaripotia kwa maneno ya kawaida. Makosa ninayoyazungumzia hutokea katika njia hiyo ya kwenda na kurudi.

Urithi wa skrini ya picha

Kiswahili hakikuanzia sifuri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililoitwa Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya programu zake katika miaka iliyofuata. Kazi hizo, pamoja na juhudi za BAKITA na za taasisi ya Kiswahili ya Dar es Salaam, zimetupatia faili, kivinjari, kibodi, mtumiaji, nywila na nenosiri. Mjadala wa hadharani umekuwa hasa juu ya majina: tarakilishi, ngamizi au kompyuta, puku au kipanya, nywila, nenosiri au neno la siri. Ni mjadala wenye ladha yake, nami nimeushiriki kwa furaha. Lakini hakuna shule iliyopoteza matokeo ya mitihani kwa sababu mtu mmoja alisema puku na mwingine akasema kipanya.

Tafsiri hizo zote zilifanywa kwa ajili ya skrini ya picha. Katika skrini ya picha neno halisimami peke yake. Lina alama kando yake, lina kisanduku cha kuuliza “Je, una uhakika?”, na likikosewa jicho hugundua mara moja. Mstari wa amri hauna msaada huo. Unix, iliyoanza katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, iliweka desturi ambayo Linux imeirithi: amri iliyofaulu hukaa kimya. Ukiandika useradd na amri ikafanikiwa, hakuna jibu. Ukiandika kitu kilicho sahihi kisarufi lakini kibaya kimakusudi, napo hakuna jibu. Fundi hutegemea maana ya kitenzi alichokisoma katika maelekezo, basi. Ndiyo maana istilahi iliyotosha kwenye menyu inaweza isitoshe hapa.

Neno amri lenyewe linastahili mchepuko mfupi, hasa kwa wasomaji wa Jinja. Mji huo ulikuwa na kambi ya kikosi cha nne cha King's African Rifles, jeshi ambalo Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuamrishia. Askari wa kambi hiyo ndio walioasi Januari 1964 wakidai mishahara. Kwa Waganda wengi wa rika la wazazi wetu, Kiswahili ni lugha iliyokujia pamoja na bunduki, na amri ni kitu unachopokea. Nimewasikia wenzetu wakipendekeza agizo badala ya amri ili kupunguza ukali huo. Sioni haja. Mashine haiagizwi, inaamrishwa, na haina hiari. Isitoshe, kuna faida ya kielimu pale mwanafunzi wa Jinja anapokuwa, kwa mara moja, mtoaji wa amri.

Ongeza

Tuchukue mfano wa shule ambayo kompyuta zake zina vikundi vitatu: walimu, maktaba na mitihani. Akaunti ya mwalimu mmoja inaitwa mwl07, nayo imo katika vikundi vya walimu na maktaba. Kamati inaamua mwalimu huyo aingie pia katika kikundi cha mitihani. Barua inasema: “Mwongeze mwalimu kwenye kikundi cha mitihani.” Fundi anafungua maelezo yake, anaona kwamba usermod yenye kistari na herufi kubwa G huhusika na vikundi, na anaandika:

usermod -G mitihani mwl07

Kompyuta inakaa kimya. Mwalimu ameingia katika kikundi cha mitihani, na papo hapo ametolewa katika vikundi vya walimu na maktaba, ikiwa vyote viwili vilikuwa vikundi vyake vya nyongeza. Kwa maana -G peke yake haiongezi. Inabadilisha orodha nzima ya vikundi vya nyongeza, na chochote ambacho hakikutajwa kinaondoshwa. Amri iliyokusudiwa ilikuwa usermod -aG mitihani mwl07, yenye herufi ndogo a, au gpasswd -a mwl07 mitihani. Kosa hili ni maarufu duniani kote, na wasomao Kiingereza nao huanguka humohumo. Lakini kwetu lina sura yake ya pekee, na hapo ndipo uhakiki wa lugha unapokuwa na kazi.

Kitenzi ongeza katika Kiswahili ni kikali kuliko tunavyodhani. Anayeongeza sukari hamwagi chai. Anayeongeza mshahara hafuti ule wa mwanzo. Kilichokuwapo hubaki, na kipya huja juu yake. Kwa hiyo mwongozo unaoeleza -G kwa kusema “huongeza mtumiaji katika kikundi” umesema uongo kamili wa Kiswahili, ilhali Kiingereza kinaweza kujificha nyuma ya ulegevu wa kitenzi chake. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuamini kwamba vikundi vya awali vimesalimika, kwa sababu lugha yake imemwahidi hivyo. Tafsiri sahihi ya -G ni “hupanga upya vikundi”, na ya -aG ndiyo “huongeza”. Hatuhitaji neno jipya hata moja. Tunahitaji kuacha kulitumia vibaya neno tulilonalo.

Hali huwa mbaya zaidi msimamizi anapojihudumia mwenyewe. Katika mifumo kama Ubuntu, akaunti kuu huwa haina nywila inayofanya kazi, na msimamizi hupata mamlaka kwa kuwa mwanachama wa kikundi kiitwacho sudo. Akijipanga upya katika kikundi cha printa akidhani anajiongeza, anajitoa katika sudo. Akiingia tena, kompyuta haina mtu yeyote mwenye uwezo wa kurekebisha kosa, na itabidi iwashwe kwa njia ya uokoaji. Kwenye shule yenye seva moja na fundi anayekuja mara moja kwa juma kutoka mjini, hiyo ni wiki nzima bila kazi.

Ongeza imebebeshwa pia mzigo wa pili, ule wa kuunda akaunti mpya. “Ongeza mtumiaji” hutumika kwa useradd na kwa adduser, amri mbili ambazo katika Debian na jamaa zake hazifanani: ya pili humuuliza fundi maswali, hutengeneza saraka ya nyumbani na kuomba nywila, ya kwanza haimuulizi kitu, wala haitengenezi saraka hiyo isipoambiwa. Napendekeza kitenzi sajili kwa kazi ya kuunda akaunti. Kila mwenye simu Afrika Mashariki anajua kusajili laini: ni tendo la mara moja, lenye jina, namba na kumbukumbu. Ndicho hasa kinachofanyika, kwani kila akaunti hupata mstari wake katika faili la /etc/passwd, wenye sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili, na ndani yake namba ya utambulisho ambayo kwa watu wa kawaida huanzia 1000 katika Linux nyingi za leo. Ongeza ibaki kwa vikundi tu.

Kuna jambo moja la njeo ambalo sijaona likijadiliwa. Fundi akimaliza huripoti: “Mwalimu ameongezwa.” Kiambishi -me- cha Kiswahili hakisemi tu kwamba tendo limetimia, bali kwamba hali iliyotokana nalo ipo sasa. Amekaa, yaani yuko kitini. Lakini uanachama wa kikundi katika Linux husomwa wakati wa kuingia. Mwalimu aliyekuwa tayari ndani ya mfumo haupati mpaka atoke na kuingia upya. Hilo ni usumbufu mdogo. Kinyume chake si kidogo: mtu aliyeondolewa katika kikundi cha mitihani huku ameacha kompyuta yake wazi huendelea kuyafungua mafaili ya mitihani mpaka kipindi chake kikomeshwe. “Ameondolewa” katika ripoti ya fundi, kwa saa hizo, si kweli. Maelekezo ya Kiswahili yangepaswa kusema “ataondoka atakapotoka”, au kumtaka fundi akikatishe kipindi hicho kabla ya kuandika ripoti.

Futa, ondoa, funga

Walimu wa shule za serikali huhamishwa. Akaunti zao hubaki. Swali la nini kifanywe na akaunti ya aliyehama ni swali la kiutawala kabla ya kuwa la kiufundi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 imelipa uzito wa kisheria, kwa kuwa inamtaka anayetunza taarifa binafsi achukue hatua za kiufundi na za kiutaratibu za kuzilinda. Mkuu wa shule husema, kwa Kiswahili chake, “Futa akaunti ile,” au “Ifunge.” Anadhani amesema jambo moja kwa maneno mawili. Amesema angalau manne.

Amri ya userdel bila nyongeza huondoa akaunti katika daftari la mfumo na kuacha saraka ya nyumbani na mafaili yote palepale. Ikiongezwa -r, saraka ya nyumbani nayo hufutwa, lakini mafaili yaliyo mahali pengine pa mfumo hubaki. Na mafaili yaliyobaki hayana jina tena. Mfumo haumkumbuki mwenye faili kwa jina, humkumbuka kwa namba; jina likiondoka, orodha ya mafaili huonyesha namba tupu. Sasa, useradd kwa kawaida huchagua namba inayofuata ile ya juu kabisa iliyopo. Ikiwa aliyefutwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kusajiliwa, mgeni atakayefuata atapewa namba ileile, na pamoja nayo atarithi mafaili yote ya mtangulizi wake bila yeyote kukusudia. Alama za wanafunzi, barua za nidhamu, chochote.

Kitenzi futa kinachangia makosa hayo kwa sababu kinaahidi usafi. Ukifuta ubao, maandishi hayapo. Kwa userdel isiyo na -r kitenzi stahiki ni ondoa: unamwondoa mtu katika daftari, vitu vyake vinabaki chumbani. Futa tukiweke kwa tendo linaloteketeza mafaili. Tofauti hii ipo katika Kiswahili cha kila siku, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaijua. Ni waandishi wa miongozo walioitupa.

Kuhusu funga, hali ni ya kutatanisha zaidi. Kufunga akaunti benki ni kuimaliza. Kufunga mlango ni kuuzuia kwa muda. Amri ya usermod -L haifanyi lolote kati ya hayo. Inaweka alama ya mshangao mbele ya nywila iliyofumbwa katika faili la /etc/shadow, ili nywila hiyo isilingane tena na chochote kinachoandikwa. Mwenye akaunti aliyejiwekea ufunguo wa kuingilia kwa mbali, usiohitaji nywila, anaweza kuendelea kuingia kama kawaida. Maelezo rasmi ya amri yenyewe yanaonya kwamba anayetaka kuizuia akaunti nzima, si nywila pekee, aweke pia tarehe ya mwisho ya akaunti kuwa 1, yaani siku ambayo imekwisha kupita zamani. Kwa hiyo “akaunti imefungwa”, katika ripoti iliyotokana na -L peke yake, ni dai ambalo fundi hawezi kulitetea. Kilichotiwa kufuli ni nywila. Naona tungesema hivyo hivyo: kutia kufuli nywila, kwa -L, kusimamisha akaunti, kwa tarehe ya mwisho, kuondoa akaunti, kwa userdel, kufuta mafaili, kwa -r. Mtumishi wa umma wa Uganda anajua vema tofauti kati ya kusimamishwa kazi na kuondolewa kazini, na hahitaji kamusi.

Watumiaji wa mfumo, na asiyekuwapo

Nimelipa kichwa cha makala hii jina la kirai kilichonisumbua kuliko vyote. Linux huwa na akaunti za aina mbili. Zipo za watu, na zipo za huduma: seva ya wavuti ina akaunti yake, printa ina yake, ili kila huduma ifungiwe katika eneo lake. Hizi za pili hupewa namba zilizo chini ya 1000, na Kiingereza huziita kwa kirai ambacho wafasiri wamekihamisha neno kwa neno: watumiaji wa mfumo.

Kwa Kiswahili, watumiaji wa mfumo ni watu wanaoutumia mfumo. Hakuna usomaji mwingine wa asili. Kiunganishi cha -a hubeba mahusiano mengi, ya umiliki, asili, kusudi, mtendwa, na baada ya nomino iliyotokana na kitenzi elekezi, kama mtumiaji kutoka tumia, usomaji wa mtendwa hushinda: mpishi wa chakula, msomaji wa gazeti, mtumiaji wa mfumo. Mwongozo unaosema “usifute watumiaji wa mfumo” utasomeka kama katazo la kumfuta mtu yeyote. Unaosema “watumiaji wa mfumo hawahitaji nywila” utasomeka kama kibali cha kuwaacha walimu wote bila nywila. Na mshauri wa sera anayeletewa jedwali lenye safu ya “watumiaji wa mfumo” atazihesabu akaunti za printa na za saa ya mtandao kama watu waliofikiwa na mradi. Sisemi haya kwa mzaha. Takwimu za matumizi ya maabara ndizo zinazoamua nani atapewa kompyuta mwaka ujao.

Chanzo cha ndani zaidi ni ngeli. Mtumiaji ni wa ngeli ya m-/wa-, ngeli ya walio hai, na akaunti ya printa haina uhai. Tungeanza kwa nomino isiyo na uhai, utata ungepungua: akaunti za watu, akaunti za huduma. Kiswahili kimetupa chombo cha kutofautisha mtu na kitu katika kila sentensi, kwa upatanisho. Si busara kukiweka kando ili tufuate umbo la kirai cha kigeni.

Kosa la jamii hii hii limo katika ujumbe ambao mfumo hutoa jina lisipopatikana. “Mtumiaji hayupo” ni fupi na ni laini masikioni, lakini hayupo humaanisha kwamba mtu huyo anajulikana na kwa sasa hako mahali hapa. Ofisini ukiambiwa mkurugenzi hayupo, unarudi kesho. Simu nazo zimetuzoesha mteja asiyepatikana kwa sasa. Fundi anayesoma “mtumiaji mwl07 hayupo” anaweza kuelewa kwamba mwalimu hajaingia kwenye kompyuta, na akangoja. Ujumbe sahihi ni “hakuna akaunti yenye jina mwl07”. Una maneno mengi zaidi, na hauna njia mbili.

Majina yenyewe huleta taabu ambayo wenyeji wa Mbale wataitambua haraka. Shule nyingi huunda jina la akaunti kutokana na jina la ukoo. Kwa Wamasaaba, majina mengi ya wanaume huanza kwa Wa- na ya wanawake kwa Na-, hivyo orodha iliyopangwa kwa alfabeti hujaa katika herufi mbili, na fundi anayeandika haraka huchagua jirani. Jina lenye ng' nalo hugonga ukuta, kwani kwa kawaida useradd haikubali ritifaa katika jina la akaunti. Hapa tafsiri haina tiba. Kutumia namba, kama mwl07, ni bora.

Mzizi, ruhusa, kikundi

Nitapita haraka juu ya maneno matatu yaliyobaki. Mzizi, tafsiri ya jina la akaunti kuu, ni picha isiyozaa kitu: akaunti hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ya saraka ya juu kabisa, inayofananishwa na mti uliopinduliwa, na kwa msikilizaji wa Kiswahili mzizi ni wa chini, umefichika, au ni wa mganga. Msimamizi mkuu inatosha, mradi mwanafunzi ajue kwamba kinachompa mamlaka si jina bali namba yake, nayo ni sifuri. (Ni mahali pekee shuleni ambapo mwenye sifuri ndiye mkubwa wa wote.) Akaunti yoyote nyingine yenye namba hiyo ina uwezo uleule, na mkaguzi anayetafuta jina root peke yake hataiona.

Haki na ruhusa zote zimetumika kwa vibali vya kusoma, kuandika na kutekeleza faili. Nasimama na ruhusa. Haki mtu anayo hata asipopewa. Ruhusa huombwa, hutolewa, na hurudishwa, na ndivyo chmod inavyofanya. Kuziita haki kunampa fundi cheo cha hakimu asichostahili.

Kikundi ndilo neno lililofaulu kuliko yote. Katika vijiji vya Bugisu na Busoga kila mtu anajua kikundi cha kuweka akiba: kina jina, kina orodha ya wanachama, mtu mmoja anaweza kuwa katika vikundi vitatu, na kisanduku cha kikundi hufunguliwa na wanachama wake tu. Mstari wa faili la /etc/group una jina, nafasi ya nywila, namba na orodha ya wanachama. Mkufunzi wa Nkoma akianza na kisanduku cha akiba atakuwa amemaliza nusu ya somo. Kilichopungua ni jina la kikundi kile kimoja ambacho kila akaunti huzaliwa nacho, na ambacho mafaili yake mapya huandikishwa. “Kikundi cha msingi” humpeleka Mganda moja kwa moja kwenye shule ya msingi. Kikundi mama, kwa mfano wa lugha mama, kinaeleweka, na vingine viwe vikundi vya nyongeza.

Kwa wanaoweka istilahi

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, BAKITA, na Baraza la Uganda litakapoanza kufanya kazi, watakabidhiwa orodha za istilahi za teknolojia ili wazisanifishe. Orodha hizo huja katika umbo la nomino upande wa kushoto na nomino upande wa kulia. Pendekezo langu ni dogo na lina gharama: kitenzi chochote kinachohusu akaunti, vikundi au ruhusa kisisanifishwe kikiwa peke yake. Kiletwe ndani ya sentensi ya kazi, pamoja na amri yenyewe na matokeo yake, na kijaribiwe kwa kumpa sentensi hiyo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta isiyo na data ya maana. Akitenda kilichokusudiwa, kitenzi kipite. Asipotenda, kirudi mezani, hata kama kimependeza.

Jaribio hilo lisifanyike Dar es Salaam peke yake. Msemaji wa Unguja huenda akaisikia tofauti kati ya ondoa na futa bila kuambiwa. Mwanafunzi wa Nkoma, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, anaweza asiisikie, au akaisikia kwa namna ambayo hatukuitarajia kutokana na Luganda au Lumasaaba yake. Yeye ndiye atakayeandika amri. Mtaala wa Uganda umekwisha kumweka darasani, na mitihani yake imehifadhiwa katika kompyuta ambayo leo hii, katika shule nyingi, bado ina akaunti za walimu waliohama.